Kutengeneza kihisi cha mvutiko kwa nanotyubu za kaboni na kitambaa cha taiti

Wanaoanza huuliza maswali yale yale. Je, unga wa mkaa unafaa badala ya nanotyubu, yaani mirija midogo mno ya kaboni isiyoonekana kwa macho? Mbona namba zinapanda zenyewe na kihisi kimetulia mezani? Mbona silikoni bado inanata siku ya tatu? Mwongozo huu unakupitisha kwenye kazi nzima, kuanzia kukata kitambaa hadi kusoma namba kwenye Arduino (bodi ndogo ya kielektroniki inayopangiwa programu), na maswali hayo yanajibiwa njiani. Umeandikwa kwa mtu aliyeko Mwanza au mji mwingine wa kando ya ziwa, ambako vitu vingi vinapatikana mtaani na vichache tu ndivyo vya kuagiza.

Ujue mapema unachotengeneza. Kihisi hiki kinaonyesha mabadiliko: kiwiko kinakunjwa, kifua kinatanuka kwa pumzi, kamba inakazwa na kulegezwa. Hakipimi uzito. Anayetaka kujua sangara wake ana kilo ngapi anunue mizani ya kuning'iniza, atapata jibu zuri zaidi kwa fedha kidogo.

Nadharia ya kutosha kuanzia ni hii. Nanotyubu zikigusana kwa wingi juu ya kitambaa, umeme unapata njia. Ukivuta kitambaa, baadhi ya miguso inaachana, njia zinapungua na ukinzani, yaani kiasi cha kuzuia umeme, unapanda. Usikivu wa kihisi ni badiliko la ukinzani ukilinganisha na ukinzani wa mwanzo, gawanya kwa mvutiko. Mfano: kipande cha milimita 60 kina kiloomu 12, ukikivuta hadi milimita 66 (mvutiko wa asilimia 10) kinasoma kiloomu 14.4, yaani kimepanda asilimia 20. Usikivu wake ni 2. Vihisi vya kawaida vya karatasi ya chuma navyo vina usikivu wa karibu 2, ila haviwezi kuvutwa zaidi ya asilimia chache bila kukatika. Faida yako iko hapo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

Nanotyubu za kaboni za kuta nyingi. Kwenye lebo utaona MWCNT. Tafuta zenye kipenyo cha nanomita 10 hadi 30, urefu wa maikromita 10 hadi 30 na usafi wa asilimia 95 au zaidi. Gramu 1 inatosha chupa tatu za wino, yaani maji yenye nanotyubu ya kuzamishia kitambaa. Zile za ukuta mmoja ni ghali mno kwa kazi hii. Zenye alama ya COOH huchanganyika na maji kirahisi, lakini hupitisha umeme kwa shida zaidi. Ukipata zilizokwisha kuchanganywa na maji kiwandani, chukua hizo hata kama bei imezidi kidogo, kwa sababu unaepuka vumbi na unaruka hatua ya 2 na ya 3.

Mkaa wa jikoni haufai. Umechomwa kwa joto dogo, hivyo haupitishi umeme wa kutosha. Wino wa unga wa printa nao haufai, maana sehemu yake kubwa ni plastiki. Grafiti ya penseli au ya betri kuukuu inapitisha umeme, ila vipande vyake ni bapa na vifupi, kwa hiyo inahitajika nyingi sana na tabaka lake hupasuka upesi linapovutwa.

SDS, yaani sodiamu dodesili salfeti, aina ya sabuni inayozitenganisha nanotyubu ndani ya maji, gramu 1 kwa chupa. Usijaribu kuibadilisha na sabuni ya maji ya mtaani. Watengenezaji wengi huitia chumvi ili iwe nzito, na chumvi huzifanya nanotyubu zishikamane na kuzama.

Maji yasiyo na madini: mililita 100 za wino na kama lita 1 ya kusuuzia. Maji ya betri yanayouzwa vituo vya mafuta yanafaa, ila soma lebo mara mbili, kwani mara nyingi hukaa rafu moja na asidi ya betri. Maji ya bomba na ya ziwani yaache, yana chumvi zilizoyeyuka.

Kitambaa: taiti ya nailoni au poliesta yenye elastini (nyuzi zinazovutika) ya asilimia 10 hadi 20. Za mitumba pale Mlango Mmoja zinafaa kabisa. Angalia lebo ya ndani. Lastiki ya fundi cherehani inavutia kuitumia, lakini ndani yake kuna nyuzi za mpira, na mpira una salfa. Salfa inaizuia silikoni ya hatua ya 8 isigande.

Silikoni laini ya sehemu mbili (A na B kwa uwiano wa 1:1, mfano Ecoflex 00-30), gramu 20. Uzi wa stenlesi unaopitisha umeme. Vifungo vya chuma vya kubonyeza. Mabaki ya jinzi. Mizani inayosoma gramu 0.01, kama ile ya wanunuzi wa dhahabu. Mashine ndogo ya kuoshea kwa mawimbi ya sauti, ambayo mafundi simu huisafishia bodi zilizoingia maji. Ukikosa yako, elewana na fundi akuachie ya kwake baada ya saa za kazi. Multimita, Arduino Uno, rezista ya kiloomu 10, kapasita ya nanofaradi 100, rula na vibanio viwili.

Kujikinga: barakoa ya N95 au bora zaidi, miwani, na glavu za nitrili. Glavu za lateksi usizilete mezani kabisa, kwa sababu ile ile ya salfa.

Kuhusu unga mkavu

Hapa hakuna mzaha. Nanotyubu zikiwa unga mkavu hupeperuka, na zikiingia kwenye mapafu hazitoki kirahisi. Mwaka 2014 wataalamu wa shirika la kimataifa la utafiti wa saratani waliiweka aina mojawapo, MWCNT-7, kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, mwaka 2013 ilipendekeza kikomo cha maikrogramu 1 kwa kila mita ya ujazo ya hewa, wastani wa saa 8 za kazi. Kiasi hicho hukioni kwa macho. Barakoa ya kitambaa au ya upasuaji haisaidii. Zima feni, funga dirisha linaloleta upepo wa ziwa, toa watoto chumbani, tandaza gazeti lililoloanishwa mezani. Kilichomwagika kifute kwa kitambaa kibichi; usifagie. Zikishalowa kwenye wino hatari inapungua sana, lakini wino uliokaukia mezani unarudi kuwa vumbi.

Hatua

1. Kata vipande sita vya milimita 10 kwa 80, urefu ukifuata upande ambao kitambaa kinavutika zaidi. Sita si vingi, viwili au vitatu vitaharibika. Vioshe kwa sabuni ya unga, suuza sana, kausha. Taiti mpya na zilizofuliwa kwa kilainishi zina mafuta yanayokataa maji. Dondosha tone la maji juu yake: likibaki limesimama, osha tena.

2. Yeyusha SDS gramu 1 ndani ya maji mililita 100 kwa kukoroga taratibu ili povu lisijae. SDS nayo ni unga unaowasha pua, barakoa ibaki usoni. Kisha pima nanotyubu gramu 0.30. Weka chupa tupu yenye mfuniko juu ya mizani, rudisha namba kwenye sifuri, tia unga humo humo, funga, soma. Usipime juu ya karatasi wala usikung'ute kijiko. Mimina maji ya SDS polepole ukipitisha kwenye ukuta wa chupa, funga, acha dakika 10 unga ulowe wenyewe kabla ya kutikisa.

3. Weka chupa iliyofungwa kwenye mashine ya mawimbi kwa jumla ya saa 2 hadi 3, ukipumzisha kila baada ya dakika 20 na kubadilisha maji ya beseni yakianza kuwa ya moto. Yasizidi nyuzi 40. Kama kuna chuo kinachokuruhusu kutumia mashine ya kijiti kinachozamishwa ndani ya wino, dakika 20 hadi 30 zinatosha, chupa ikiwa ndani ya barafu. Kuzidisha muda si faida: mawimbi hukata nanotyubu kuwa fupi, na fupi zinahitaji miguso mingi zaidi kufika upande wa pili. Kupima kama umefika, bana tone moja kati ya vioo viwili na uangalie kwenye mwanga. Ukiona weusi sawasawa kama chai ya rangi iliyokolea, endelea. Ukiona chembe, rudi kwenye mashine.

4. Acha chupa isimame usiku kucha. Asubuhi chota robo tatu ya juu bila kuitikisa. Matope ya chini ni mabonge yasiyoachana, na hayo ndiyo yanayoleta namba za kurukaruka baadaye. Wino utunze kwenye joto la kawaida. Ukiuweka kwenye friji SDS huganda kuwa chembe za fuwele.

5. Zamisha vipande kwa dakika 5, vitoe, vikamue kidogo kati ya vijiti viwili vya kioo au plastiki, vikaushe. Vilaze juu ya wavu, usivitundike. Ukitundika, wino unashuka na ncha ya chini inakuwa nyeusi kuliko ya juu. Joto linalofaa ni karibu nyuzi 80. Likizidi 100 elastini inaanza kuchoka. Bila oveni, weka sinia la bati juu ya sufuria ya maji yanayochemka. Ziwa letu liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hapa Mwanza maji huchemka karibu nyuzi 96, na sinia haliwezi kupita sana hapo maadamu maji hayajakauka sufuriani. Geuza kila kipande, zamisha tena, kausha tena. Kuanzia mzunguko wa tatu pima kwa multimita, ncha zikiwa umbali wa milimita 60. Lengo ni kiloomu 5 hadi 20. Vitambaa vingi hufika hapo kati ya mzunguko wa nne na wa nane.

6. Suuza. Hatua hii wengi huiruka, kisha wanalaumu nanotyubu. SDS iliyobaki inakaa katikati ya miguso na inavuta unyevu, hivyo kihisi kinabadilika kila hali ya hewa inapobadilika. Zamisha kipande kikavu kwenye maji safi dakika 10, mara tatu, kila mara maji mapya, bila kusugua. Maji ya kwanza yatakuwa ya kijivu, usishtuke. Ya tatu yawe meupe. Kikikauka, ukinzani kwa kawaida hushuka.

7. Tengeneza maungio. Tenga muda wa kutosha hapa, kwa sababu vihisi vingi vibovu vina nanotyubu nzuri na maungio mabaya. Gundisha kipande cha jinzi chini ya kila ncha, urefu wa milimita 10, ili ncha isivutike kabisa. Katikati zinabaki milimita 60 za kufanya kazi. Shona uzi wa stenlesi kwa zigizaga kutoka ukingo hadi ukingo, mara tano, ukipenya kitambaa na jinzi pamoja. Mshono uliogusa katikati tu unasoma sehemu ndogo ya upana na unahama kila ukivuta. Malizia uzi kwenye kifungo cha kubonyeza na uunge waya wa shaba kwenye kifungo hicho. Usihangaike kulehemu uzi wa stenlesi kwa risasi ya kawaida, haushiki. Sasa jaribu: bana katikati ya kihisi mezani, tikisa ncha na waya. Namba ikihama zaidi ya asilimia 2, fumua ushone upya kabla ya kwenda mbele. Baada ya silikoni hutaweza tena.

8. Funika kwa silikoni. Pima A na B kwa uzito sawa, koroga dakika 2 ukikwangua kuta za kikombe, subiri mapovu yapande. Kwa Ecoflex 00-30 una kama dakika 45 kwa nyuzi 23 kabla haijaanza kukaza; mchana wa Mwanza wenye joto unakupunguzia muda huo. Pakaza tabaka jembamba pande zote mbili kwa kadi ya simu iliyokwisha, ukifunika mshono lakini ukiacha uso wa kifungo wazi. Acha saa 4 au zaidi. Ukinzani utapanda, pengine hata maradufu, kwa sababu silikoni imepenya kati ya nanotyubu. Ni kawaida.

Wengine hutumia silikoni ya mafundi wa vioo. Inafaa endapo ni ile isiyonuka siki. Inayonuka siki inatoa asidi inayokula shaba ya maungio. Pakaza isizidi milimita 1 na uipe siku nzima, maana inaganda kwa unyevu wa hewa kutoka nje kwenda ndani.

9. Kizoeze kihisi. Kivute kwa asilimia 20 (milimita 60 hadi 72) na kukirudisha, mara 100, kwa mwendo wa polepole. Mizunguko ya kwanza ukinzani wa kupumzika utapanda, kisha utatulia. Baada ya hapo usikivute kazini kupita ulivyokizoeza. Ukipita, nyufa mpya zinafunguka na vipimo vyako vyote vinakuwa batili, utaanza upya.

10. Unga saketi. Volti 5 kwenda rezista ya kiloomu 10, kutoka hapo kwenda A0 (tundu la Arduino linalosoma volti), na kutoka A0 kihisi kwenda ardhi (tundu la GND). Kapasita ya nanofaradi 100 iwe kati ya A0 na ardhi. Rezista ichaguliwe karibu na ukinzani wa kihisi kikiwa kimepumzika. Ukiweka ya kiloomu 1 kwa kihisi cha kiloomu 20 badiliko utaliona kwa taabu. Namba N ya Arduino inageuzwa hivi: ukinzani = 10 × N ÷ (1023 − N), jibu likiwa kiloomu. N ikiwa 550 ukinzani ni kiloomu 11.63. Chukua wastani wa masomo ya milisekunde 20, au mara zake, kwa kuwa umeme wetu ni hezi 50 na kelele yake hujifuta katika muda huo.

11. Pima na uandike jedwali. Bana ncha mbili kwenye rula, soma kwenye milimita 60, 63, 66, 69 na 72, ukisubiri sekunde 30 kila mahali, kisha rudi chini kwa vituo vile vile. Namba za kurudi hazitalingana na za kwenda. Tofauti hiyo ni tabia ya silikoni na kitambaa, hutaiondoa kwa programu. Rudia mara tatu na uchukue mstari wa kati. Kila kihisi kina jedwali lake. Usikope la jirani hata kama vihisi vimetoka chupa moja.

Joto nalo linaingilia, kwani ukinzani wa nanotyubu kwa kawaida hushuka joto likipanda. Dawa nzuri kuliko zote ni kutumia kihisi cha pili, cha chupa ile ile, kisichovutwa, badala ya rezista ya kiloomu 10. Kikiwekwa kando ya cha kwanza, joto linavigusa vyote na sehemu kubwa ya kosa inajifuta.

Mambo yakienda vibaya

*Multimita inaandika OL.* Maana yake ukinzani umezidi uwezo wake wa kupima. Gusa kitambaa cheusi chenyewe, ncha zikiwa karibukaribu (kama umeshapaka silikoni, toboa kwa sindano mbili). Kikisoma, tatizo ni mshono. Kisiposoma, wino ni mwepesi au SDS haijatoka.

*Namba inapanda mara moja ukivuta, kisha inashuka taratibu ukiwa bado umeshikilia.* Ndivyo ilivyo. Kitambaa kinalegea ndani kwa ndani. Kwa kazi ya pumzi au viungo, soma badiliko la haraka na uache la polepole.

*Ukinzani unashuka ukivuta.* Vitanzi vya ufumaji vinabanana kabla ya kuanza kuachana. Mara nyingi hutokea kwenye asilimia 5 za mwanzo. Funga kihisi kikiwa tayari kimevutwa asilimia 5 hadi 10, au geuza mwelekeo wa kukata.

*Namba ya kupumzika inapanda kila siku.* Kinavutwa kupita kiasi, au ncha inateleza ndani ya kibanio. Chora alama mbili kwa kalamu na uangalie kama zinahama.

*Namba zinaruka ghafla.* Mshono au kifungo. Karibu kila mara ni kifungo.

*Silikoni inanata hata kesho yake.* Uwiano haukuwa sawa, au kuna salfa: glavu za lateksi, lastiki, kikombe kilichowahi kuwekwa mpira. Haitaganda ukingoja. Futa kwa isopropano na urudie na kitambaa kingine.

*Weusi unabaki mkononi.* Tabaka halijafunikwa vizuri. Usikivae mwilini mpaka upakaze tena.

*Kinafanya kazi ndani, kinapotea kandokando ya maji.* Silikoni inazuia maji yasiingie lakini mvuke hupita. Kwa kamba ya kizimba cha samaki, kihisi kikae juu ya maji, kiingizwe ndani ya kipande cha tyubu ya baiskeli kilichozibwa ncha zote mbili, na kifungwe sambamba na tanzi la kamba ili kamba ibebe mzigo na kihisi kifuate tu. Tarajia kukibadilisha.

*Wino umeganda mabonge baada ya wiki kadhaa.* Rudisha kwenye mashine dakika 30, uache usimame, uchote wa juu. Ukiganda tena siku hiyo hiyo, maji yalikuwa na chumvi.

Wino uliobaki, maji ya kusuuzia na vitambaa vilivyoharibika usimwage mtaroni: mifereji ya mjini inaingia Mto Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani. Weka kwenye chupa pana hadi maji yakauke, mimina silikoni kuukuu juu ya masalia yagande pamoja, funga, andika lebo, kisha peleka kwenye maabara yenye utaratibu wa taka za kemikali.